Matofali ya Mayala na Mvua ya Mjini

Mjomba wangu Mayala akija Mwanza ana tabia moja inayonitia aibu. Tukitembea mtaani atasimama ghafla mbele ya nyumba ya mtu asiyemjua, ainame kwenye kona ambako lipu imebanduka, apitishe kidole ukutani, kisha aseme kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu yake wa siku nyingi: "Hili langu." Mwenye nyumba akitoka kuuliza tunatafuta nini, mimi ndiye ninayeomba radhi.

Lakini hadanganyi. Kila tofali analofyatua, likiwa bado bichi, analibonyeza kwenye kona kwa dole gumba la kushoto. Dole hilo limepinda tangu utotoni, alipolibana kwenye gurudumu la mkokoteni, kwa hiyo alama yake haifanani na ya mtu mwingine: ni kishimo kidogo kilichojikunja kama haragwe. Ukikiona kishimo hicho kwenye ukuta wowote Nyegezi, Buhongwa au Igoma, ujue udongo wake ulitoka kijijini kwetu Ng'walole, ukipita Kisesa kwa barabara ya Magu kisha ukakata kulia, ukaacha lami.

Hakuzaliwa mfyatua matofali. Baba yake alikuwa mkulima wa pamba, na yeye angekuwa hivyo hivyo kama kijiji kisingeamua kujenga madarasa. Kila kaya iliambiwa ilete matofali. Mayala, akiwa kijana ambaye ndevu zake bado zilikuwa za kuhesabika, aliweka mikono kwenye tope kwa mara ya kwanza akakuta inajua la kufanya. Matofali ya kaya nyingine yalipasuka kwenye tanuru. Ya kwao yalitoka mekundu na mazima, ukiyagonga yanalia kama kengele. Fundi aliyekuja kujenga madarasa akamwambia mjini watu wanayatafuta matofali ya namna hiyo. Haukupita muda, malori yakaanza kukata kulia pale barabarani.

Mke wake, shangazi Bernadeta, ni Mkerewe wa Nansio. (Najua, mke wa mjomba si shangazi. Nilianza kumwita hivyo nikiwa mdogo, na kwetu hakuna aliyejisumbua kunirekebisha.) Kwao Ukerewe alilelewa kwenye nyumba ya mawe yenye baraza pana. Siku aliposhuka kwenye kivuko na sanduku lake na kuletwa Ng'walole, alionyeshwa nyumba ya miti na udongo. Mayala akamwambia, "Nivumilie kidogo tu. Mimi ni mtu wa matofali."

Tangu hapo shangazi amevumilia. Kila tanuru lililochomwa kwa ajili ya nyumba yake lilipata safari nyingine: mara mtoto anaingia sekondari, mara ng'ombe wa kulimia amekufa, mara shangazi mwenyewe amevunjika nyonga na lazima alazwe. Ile nyonga haikupona vizuri, mpaka leo anatembea kwa fimbo. Wageni wakifika huwaambia, "Karibuni nyumbani kwa mjenzi wa Mwanza," na mjomba hutazama pembeni.

Sasa nifike kwenye jembe, maana bila jembe hakuna kisa.

Adui wa tofali bichi ni mvua. Unafyatua, unaanika, unapanga, unafunika kwa nyasi na turubai, unasubiri kuni. Muda wote huo mvua moja ya nguvu inatosha kurudisha kazi yako kwenye tope ilikotoka. Ndiyo maana wafyatua matofali wa kwetu, kabla ya kuanza msimu, huchimbia jembe kwenye kona ya uwanja, mpini ardhini na makali juu, ili kuzuia mvua. Baba zao walifanya hivyo, na wao wanafanya. Ukimuuliza mjomba kama linafanya kazi atakwambia, "Sijui. Sijawahi kujaribu bila hilo." Anakwenda kanisani kila Jumapili na jembe lake analichimbia, wala hayo mawili hayajawahi kugombana kichwani mwake.

Miaka yote hakuna aliyejali, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Kisha ukaja ule mwaka ambao vuli ilikataa.

Si kwamba mawingu hayakuwepo, na hilo ndilo lililowauma watu. Karibu kila siku mchana yalitokea upande wa mashariki, meusi, yananguruma, watu wa Ng'walole wakitoka nje na kutazama juu. Yalipita juu ya vichwa vyao, yakadondosha matone ya kutia vumbi madoa, yakaendelea kuelekea ziwani. Baada ya hapo walisikia radi ikipiga Mwanza huko, moja baada ya nyingine. Mahindi yaliyokuwa yamechipua yalijikunja. Waliokuwa hawajapanda walikaa na mbegu ndani.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa mawingu hayo. Nina kibanda cha cherehani Mabatini, hapo Mwanza, nashona sare za shule, na msimu ule nilishona nikiwa nimeweka miguu juu ya kreti la soda. Maji yalishuka kutoka kwenye milima ya mawe yakapita katikati ya kibanda bila hodi. Nilipoteza kitambaa cha kaki, nikapoteza na usingizi. Shangazi akipiga simu kuuliza kama tumeona mvua, nilishindwa hata namna ya kumjibu. Ningemwambiaje mtu ambaye mahindi yake yanakauka kwamba mimi nimechoka na maji?

Nina mpangaji nyumbani kwangu, kijana mpole anaitwa Nathaniel, anayefanya kazi ya kupima mvua. Yeye na wenzake wameweka vipimo mjini na vijijini kuona mvua inanyesha wapi na kwa nini. Jioni moja, nikiwa naanua nguo zilizolowa mara ya pili, nilimuuliza kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye msambazaji, kwa nini mvua yote inaletwa kwetu.

Alinieleza taratibu. Mji una joto kuliko shamba. Jua linapiga mawe, mabati, lami na kuta, vyote hivyo vinashika joto, na miti ya kupoza ni michache. Hewa ya moto inapanda juu. Mchana upepo wa ziwani nao unaingia na kusukumana na hewa hiyo, na hewa ikikosa pa kwenda inazidi kupanda. Sasa wingu lililokuwa linajipitia, likifika hapo, linapata nguvu. Linakuwa na radi, linamwaga. "Miji mingi duniani imeonekana kufanya hivyo," alisema. "Kwa Mwanza bado tunapima. Huenda ndivyo. Huenda pia ni milima, au ziwa peke yake. Huenda ni vyote kwa pamoja."

Nilisikia nusu, nikaelewa robo, nikaridhika. Mji unavuta mvua. Nilikuwa na jambo la kumwambia shangazi.

Lakini shangazi ndiye aliyeanza kunipigia. Sauti yake ilikuwa kavu. "Wanasema ni mjomba wako. Wanasema amefunga mvua. Wameita mkutano."

Kwa asiyejua kwetu, nieleze. Kijiji kikikuona umekikosea, kinaweza kukutenga. Hupigwi, hufukuzwi. Ila hakuna anayekuitikia salamu. Hakuna anayekupa moto, hakuna anayekuazima jembe la ng'ombe, na ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Atakayekusalimia naye anatozwa faini. Nimewahi kumwona mzee mmoja aliyetengwa: alikuwa anaongea na mbuzi wake kwa sauti, kwa adabu zote, kama unavyoongea na mgeni. Nilipomfikiria shangazi Bernadeta na fimbo yake, ambaye kila siku jirani mmoja au mwingine anamchotea maji lamboni, nilifunga kibanda nikapanda gari la Magu.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa ghala la pamba. Wanaume mbele, wanawake nyuma, jua kali, na wingu lilikuwa limeshaanza kuota mashariki kama kawaida yake. Mama yangu, Selina, dada wa damu wa Mayala, alikuwa amekaa mbali na shangazi. Shamba lake la mahindi lilikuwa limekufa. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia, lakini hakunitazama, na hapo nikajua kwamba hata yeye alikuwa anawaza jembe.

Aliyesimama kumshtaki mjomba alikuwa Machibya, kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, mtu mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, kwa hiyo ukitaka kumsikia ni lazima unyamaze. Alicheza utotoni na mjomba, na hakuwa na chuki naye. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

"Mayala," alisema, "umechimbia jembe, hukuchimbia?"

Mjomba alisimama na kofia mkononi. "Nimechimbia. Kila mwaka nachimbia. Nililing'oa mlipoanza kulalamika, na mvua bado haikuja."

"Kwa sababu jembe umelitoa, moyo hujautoa," Machibya alisema. "Tofali zako mbichi bado zimepangwa, zimefunikwa. Mtu mwenye tofali mbichi anaomba jua. Sisi wote hapa tunaomba mvua, wewe peke yako unaomba jua. Sasa Mungu atamsikiliza nani?"

Watu wakaguna. Mjomba alizungusha kofia yake mkononi, na nilimjua vizuri kiasi cha kuona kwamba alikuwa anajiuliza swali hilo hilo.

Basi mimi sikuweza kujizuia. Nilisimama, nikaomba ruhusa, nikapewa, kwa kuwa ni binti wa kijiji. Nikawaeleza yote: mji una joto, mawe na mabati, nyumba zimebanana, wingu likifika kule linapata nguvu linamwaga. Nikawaambia kibanda changu kimejaa maji. Nilisema vizuri, naapa. Nilisema hivi, "Mvua yenu haikufungwa na mtu. Imevutwa na mji. Nyumba zinavyozidi kujengwa, ndivyo mji unavyozidi kuivuta."

Machibya alinisikiliza mpaka mwisho. "Wabeja," alisema. "Ahsante sana, ng'wanawane, mwanangu. Umekaa mjini, unaujua. Kwa hiyo nyumba zikiwa nyingi, zinavuta mvua?"

"Ndiyo, baba."

"Na nyumba hizo zinajengwa kwa nini?"

Shimo nililiona, ila nilikuwa nimeshatumbukia. "Kwa matofali," nikasema.

"Ya nani?"

Uwanja mzima uliangua kicheko, na mama yangu akacheka pamoja nao. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba yeye mwenyewe ameona dole la Mayala kwenye nyumba ya ghorofa Nyegezi. Mwingine akasema ameliona Igoma. Nilikaa chini masikio yakiwaka moto. Nilikuja kumtetea mjomba nikamfunga kamba mwenyewe, tena kwa fundo zuri.

Baadaye, nilipomsimulia Nathaniel, aliweka kikombe chini. "Dada Winnie, mimi nilisema 'huenda'. Lile 'huenda' uliliacha wapi?" Nikamwambia nililiacha stendi, halikuwa na nauli.

Lakini siku ile hakukuwa na utani. Mjomba aliomba achome matofali yake haraka yaishe, ili asiwe na sababu ya kuomba jua. Wakakataa: moshi wa tanuru nao hufukuza mawingu, kila mtu anajua. Vijana wakaanza kusema atengwe tu, watu waende nyumbani.

Ndipo shangazi Bernadeta aliponyanyuka kwa fimbo yake. Ilimchukua muda, na kwa sababu ilimchukua muda watu walinyamaza.

"Yafunueni," alisema.

Hakuna aliyeelewa.

"Matofali. Toeni nyasi, toeni turubai, yakae wazi juani na mvuani. Yale si ya lori. Ni ya nyumba yangu. Mnajua nimeingojea tangu lini. Kama mume wangu ana uwezo wa kushika mvua, ataishika, nyumba yangu isiyeyuke. Mvua ikija ikayayeyusha, mtajua hana uwezo huo, wala hakuwahi kuwa nao."

"Na isipokuja?" Machibya aliuliza.

"Isipokuja mpaka Krismasi, mtutenge."

Mjomba aligeuka kumtazama mkewe, mdomo wazi. Shangazi tayari alikuwa anakaa. Nilimsikia akimwambia kwa sauti ya chini, akipanga khanga yake miguuni, "Nyumba nimezoea kuikosa. Majirani sijazoea."

Wakakubaliana hivyo. Alasiri ile ile vijana wa sungusungu walikwenda uwanjani kwa mjomba wakaondoa nyasi, wakakunja turubai na kuliweka pembeni. Matofali yalikuwa mengi, yamekauka vizuri, kila moja na haragwe lake kwenye kona. Wingu lilipita juu yao, likaenda Mwanza.

Siku zilizofuata sitazisahau, kwa sababu mjomba alikuwa mtu wa kwanza niliyemwona akiomba apate hasara. Maisha yake yote alikuwa akiona wingu anakimbilia turubai. Sasa aliketi juu ya kalibu lake alilofyatulia maelfu ya matofali, akatazama mashariki. Mvua ikinyesha, anapoteza nyumba. Isiponyesha, anapoteza kijiji. Alikuwa amechagua, au tuseme mkewe alimchagulia, na akaomba kwa bidii.

Mchana radi ikianza kupiga Mabatini nilimpigia simu.

"Mjomba, imenyesha?"

"Imepita. Kwenu je?"

"Viatu vinaelea."

"Haya," alisema, akakata.

Nilimuuliza Nathaniel kama kuna matumaini. Alisema si kila wingu linangoja mji. Siku upepo wa ziwani ukiwa dhaifu, au wingu likija pana na zito, litamwaga kule kule linakotokea. Alinionya mara mbili kwamba hilo nalo ni huenda. Safari hii nililibeba.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi nilikwenda kumpelekea shangazi gauni nililomshonea. Tulikula, tukakaa nje. Watu wa Ng'walole walikuwa wameacha kupita karibu na kaya ile. Hawakuwa wametangaziwa kutenga, ila miguu yao ilikuwa imeanza kufanya mazoezi. Maji ya kunywa nilichota mimi.

Wingu lilitokea mapema siku hiyo. Lilikuwa pana kuliko mengine, lilifunika kutoka kaskazini mpaka kusini, na halikuwa na haraka. Upepo ukasimama. Kuku wakaingia ndani. Kisha ukaja ule upepo baridi wa ghafla unaonuka udongo, na tone la kwanza likapiga tofali la juu kabisa likaacha shimo.

Mjomba aliruka. Sikujua kwamba mtu wa umri wake anaweza kukimbia vile. Alifika kwenye turubai, akalishika kwa mikono miwili, akalifungua nusu, na tayari alikuwa anavuta pembe moja kuelekea kwenye matofali.

"Mayala," shangazi aliita. Mara moja tu.

Alisimama. Aliangalia turubai mikononi mwake kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Akaliachia, upepo ukalichukua mpaka kwenye minyaa ya boma.

Ikanyesha. Sijui niielezeje zaidi ya kusema ilinyesha kama inavyonyesha kwetu Mabatini: radi juu ya radi, maji ya kumwagwa kwa ndoo. Mjomba hakuingia ndani. Alisimama kando ya matofali yake, na mimi nikasimama naye, maana sikuona namna ya kumwacha. Alama za dole ndizo zilizotangulia kupotea. Vishimo vilijaa maji, vikawa laini, vikafutika. Kisha kona zikaanguka, kisha mistari ikaegemeana, kisha hapakuwa na matofali tena, palikuwa na kichuguu chekundu kinachotiririka kwenda bondeni. Nililia waziwazi. Nilikasirikia mvua, nikamkasirikia Machibya, nikaukasirikia mdomo wangu.

Mama alikuja mbio kutoka shambani kwake, amelowa chapachapa, jembe begani. Alimkuta kaka yake amesimama vile, akaja kusimama ubavuni kwake na kumshika mkono kama watoto wanavyoshikana wakivuka mto. Shangazi alikuwa mlangoni anakinga maji kwa sufuria zote alizonazo.

Kesho yake asubuhi kijiji kizima kilikuwa mashambani. Hakuna aliyekuja kuomba msamaha, nami nilikaa kibarazani nikiwasubiri kwa hamu ya kugombana. Aliyepita ni Machibya na ng'ombe wake wa kulimia. Alifika usawa wa kaya, akasimamisha ng'ombe.

"Mwangaluka, Mayala."

"Mwangaluka."

"Mhola?"

"Mhola duhu," mjomba alijibu, yaani salama tu, hali amesimama kwenye tope la nyumba yake mpaka vifundoni.

Machibya akaitikia kwa kichwa, akaendelea na safari. Ilikuwa ndiyo hukumu, na mjomba aliipokea akiwa na uso mkunjufu wa furaha ambao mimi sikuwa nao. Mchana wake mtoto wa jirani alileta ndoo ya maji bila kuitwa.

Ningependa kuishia hapo, lakini watu wa kwetu hawaishii pazuri.

Mwaka uliofuata vuli ilichelewa tena, mawingu yakaanza upya kupita juu na kwenda kunilowesha mimi. Safari hii ujumbe ulikuja nyumbani kwa mjomba kwa heshima zote, Machibya mbele, jogoo mwekundu kwapani. Wakapewa viti. Wakauliza habari za nyonga. Mwishowe Machibya akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba wazee wamekaa wakakumbuka jinsi mvua ilivyokuja mwaka jana matofali yalipofunuliwa, na wanamwomba Mayala afyatue mengine, ayaache wazi.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakasirika. "Mwaka jana nilikuwa ninafunga, mwaka huu ninafungua? Mimi ni mlango?"

"Sisi hatusemi unafungua," Machibya alisema, akimtazama jogoo. "Tunasema tu uyaweke."

Shangazi alipaza sauti kutoka ndani. "Mna mikono, nyie?"

Wakakiri kwamba wanayo.

"Basi matofali ya kuyeyuka mtafyatua wenyewe. Na mkishatia mikono kwenye tope, mtafyatua na ya kuchoma. Kuni mtaleta. Mume wangu atawaelekeza tu, mgongo wake umechoka. Jogoo mwacheni."

Wakaja. Nilikwenda kushuhudia kwa sababu nisingeamini kwa kusimuliwa. Machibya mwenyewe alikuwa amekunja suruali, anakanyaga udongo kama ng'ombe wake. Mama alikuwa anabeba maji. Mjomba alitembea katikati yao mikono nyuma, akiwakaripia kwa raha ambayo alikuwa ameidai muda mrefu. Aliwalazimisha kila mmoja abonyeze dole lake kwenye kona, akidai ndiyo desturi ya uwanja wake na lisilo na dole halitaiva. Huo ni uongo mtupu, wala hakuna aliyebisha.

Safu moja iliachwa wazi, mengine yakafunikwa. Mvua ilikuja, si nyingi, ikala ile safu. Sitasema ilikuja kwa sababu hiyo, Nathaniel asije akanisikia. Jembe mjomba hakulichimbia. Alisema anaogopa kuwachanganya. Mvua zilipoisha yaliyobaki yalichomwa, moshi ukafuka kutwa, na hakuna hata mmoja aliyesema unafukuza mawingu.

Nyumba ya shangazi Bernadeta sasa imesimama. Ina baraza pana kama ya kwao Nansio, na bati jipya linaloonekana tangu barabara ya Magu. Amekataa isipigwe lipu. Ukimtembelea atakuzungusha na fimbo yake akuonyeshe madole: hili la Selina, hili la yule kijana aliyetaka tutengwe, na hili pana hapa, chini ya dirisha langu, la Machibya. La mjomba nililitafuta sana nisilione. Shangazi akanionyesha juu ya mlango, tofali moja tu, na haragwe lake.

Mara ya mwisho nilipokwenda tulikaa barazani mchana. Ng'walole inabadilika. Kando ya barabara watu wa mjini wamenunua viwanja, misingi imechimbwa, mabati yanameta moja hapa moja pale. Wingu likatokea mashariki, jeusi, linanguruma. Sote tuliliangalia, hata Machibya aliyekuwa amekuja kuazima koleo. Likapita juu ya bati jipya, likadondosha matone machache, likaenda zake Mwanza.

Mjomba alilisindikiza kwa macho mpaka likafika upande wa ziwa. Kisha akageuka, akatazama paa lake, akatazama yale ya kando ya barabara.

"Winnie," alisema, "yule mpangaji wako, amesema mji unaanza kuvuta mvua ukifika nyumba ngapi?"

"Hajasema, mjomba. Bado wanapima."

"Muulize," alisema, akainuka kuchukua kalibu lake. "Nijue nimebakiza ngapi."